Fracas si ya Piguet, ni ya Germaine Cellier

Kwa Mhariri,

Salaam. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, na ule ukurasa wenu wa urembo wa Jumamosi huwa naukata naubandika ukutani dukani kwangu, manake nauza marashi na udi hapa Mombasa, karibu na Marikiti, na wateja wakisubiri niwapimie mafuta hupenda kuusoma. Sasa Jumamosi iliyopita mliandika habari za marashi ya zamani ya Ufaransa. Nilifurahi sana, nikaanza kuisoma kwa sauti ili wasichana wa dukani nao wasikie, mpaka tukafika pale mliposema kwamba Fracas yalitungwa na Robert Piguet na Vent Vert ni kazi ya Pierre Balmain. Hapo nikanyamaza nikaliweka gazeti juu ya kabati la vioo. Hao wawili walikuwa mafundi wa nguo, tena mafundi wakubwa na sitaki kuwapunguzia heshima yao, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeyachanganya hayo marashi. Aliyeyachanganya yote mawili ni mtu mmoja, mwanamke, jina lake Germaine Cellier, na kwenye makala yenu nzima, kurasa mbili na picha za chupa, jina lake halimo hata mara moja.

Najua hamkufanya kwa ubaya. Chupa yenyewe ndo imeandikwa hivyo, ukiishika mkononi unaona Robert Piguet, Paris, basi. Lakini gazeti si chupa, na mimi nimeona nisipoandika nitalala nalo.

Germaine Cellier alizaliwa Bordeaux mwaka 1909, akaenda Paris akiwa bado msichana, akaingia kwenye kemia, halafu akaajiriwa na Roure. Kwa wasioijua, Roure ilikuwa kampuni yenye asili ya Grasse, ule mji wa kusini mwa Ufaransa ambao kazi yake miaka na miaka ni kukamua maua. Kampuni kama hizi ndizo zinazotengeneza marashi kwa kweli. Fundi wa nguo anakuja na jina lake, na chupa nzuri, na pesa, anasema nataka marashi, na kule ndani ya maabara kuna mtu anakaa na mizani na vijikaratasi vya kunusia, anachanganya mara ishirini, mara hamsini, mara mia, mpaka itoke. Ikitoka, fomula inafungiwa kwenye kabati la kampuni, jina la fundi nguo linakwenda kwenye chupa, na yule aliyechanganya anarudi kwenye mizani yake kuanza oda nyingine. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ndivyo ilivyo. Na miaka ile kazi ya kutunga ilionekana ni ya wanaume, kule Grasse ilikuwa baba anamwachia mwana. Cellier hakuwa binti wa nyumba kubwa ya marashi, hakuwa na jina la kumbeba. Aliingia na pua yake.

Waliomfahamu wanamsimulia kuwa alikuwa mrefu, nywele za dhahabu, mzuri wa kugeuza shingo za watu, mvuta sigara, na mwenye mdomo, yaani hakuogopa kusema. Inasimuliwa pia kwamba hakuelewana na Jean Carles, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watungaji pale Roure, mpaka kampuni ikaona heri impe maabara yake mwenyewe. Na ukiangalia namna wawili hawa walivyofanya kazi unaelewa. Carles alikuwa mwalimu, mwaka 1946 alianzisha shule ya Roure pale Grasse, alikuwa na majedwali, hiki unakilinganisha na kile, unapanda hatua kwa hatua. Kazi yake ni kubwa na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa njia yake. Lakini Cellier yeye alikuwa anachukua kitu kimoja kikali ambacho wenzake walikuwa wakikitia kwa tone, anakimwaga. Halafu anaanza kutafuta nini kitaweza kusimama nacho. Hiyo ndo stail yake na ndo maana ukishanusa moja ya kazi zake na ukaambiwa hii nyingine ni yake pia, unaamini, hata kama harufu hazifanani.

Chukua Bandit. Ilitoka mwaka 1944 kwa jina la Piguet, Paris ndo inatoka kwenye mikono ya Wajerumani, na jina maana yake ni jambazi, haramia. Mwaka ule mwanamke alitarajiwa anukie maua na poda. Cellier akachukua kitu kinaitwa isobutili kwinolini, ni cha kemia, cha maabara, harufu yake ni ngozi chungu na mizizi na majani mabichi yaliyokwaruzwa, akakitia karibu asilimia 1 ya fomula. Asilimia 1 msomaji ataona ni kidogo, lakini mimi nakwambia kwa kazi hii ninayoifanya kila siku, kuna vitu ukivitia asilimia 1 vinakula kila kitu kingine kwenye chupa, na hiki ni kimojawapo. Mimi Bandit nimeinusa, ya siku hizi sio ya zamani, mteja wangu mmoja mama mtu mzima anayeishi Ufaransa alikuja likizo nayo. Nilipoitia kwenye kijikaratasi nilirudisha kichwa nyuma. Harufu ya kwanza ni chungu kabisa, kama umevunja shina bichi kwa meno. Halafu ikaja ngozi, kama ndani ya duka la makubadhi, ile ngozi ambayo haijavaliwa bado, na nyuma yake moshi, kama chumba alichokaa mvuta sigara jana. Nikasema hii sio ya mwanamke. Nikakiacha kijikaratasi juu ya meza nikaendelea na wateja, baada ya kama saa tatu nikakiokota tena na kumbe chini kabisa kulikuwa na maua yametulia, laini, yamejificha muda wote yanasubiri. Nikakaa nacho mpaka nafunga duka. Sasa huyo mtu aliyejua kwamba maua yasubiri saa tatu, huyo ndiye mtunzi, sio aliyeshona gauni.

Halafu miaka minne baadaye, 1948, kwa Piguet huyohuyo, akafanya kinyume chake kabisa. Fracas. Neno lenyewe kwa Kifaransa ni kishindo, rabsha. Safari hii hakuna ngozi hakuna moshi, ni ua jeupe moja, tuberozi, Wahindi wanaliita rajnigandha yaani lile linalonukia usiku, na wanalitia kwenye mashada ya harusi. Ua hili lina tabia moja ya ajabu, ukilichuma halifi harufu. Asumini nayo iko hivyo. Waridi ukishalichuma ndo basi, lakini tuberozi linaendelea kutoa harufu siku moja, siku mbili baada ya kuchumwa. Kwa hiyo watu wa Grasse hawakuwa wakilichemsha, moto ungeliharibu, walikuwa wanapaka mafuta ya mnyama kwenye kioo, wanayapanga maua juu yake, kesho wanayaondoa wanaweka mengine, kesho kutwa mengine, mpaka yale mafuta yanashiba harufu. Ndipo wanayaosha kwa spiriti, na kile kinachobaki mwisho, kidogo kabisa, ndo roho ya ua. Nilipolisoma hili nilimkumbuka bibi yangu na chupa yake ya mafuta ya nazi, alikuwa anatia asumini na mkadi, anafunika, kesho anayatoa anatia mengine, wiki nzima, ndo mafuta yake ya nywele. Hakuwahi kusikia habari za Grasse na wala Grasse haikuwahi kusikia habari zake, ni kwamba mtu yeyote anayekaa na maua ya aina hiyo kwa subira atafika palepale.

Basi Cellier alichukua tuberozi na hakulipunguza makali. Wengine walilitumia ua hili nyuma ya maua mengine kwa sababu ni zito, lina siagi ndani yake, lina kitu kama mpira, watu wengine linawapa kichwa kuuma. Yeye akalileta mbele, akaliwekea ua la mchungwa na asumini pembeni ili ling'ae, na akaliacha lipige kelele. Mama yule wa Ufaransa alikuwa nayo pia, ile chupa nyeusi. Akanipulizia kwenye mkono saa nne asubuhi, na usiku nikiwa natoa nguo za watoto kwenye kamba bado nalisikia kila nikiinua mkono. Tuberozi lipo sasa kwenye marashi mengi tu, na kila linapotoka jipya watu wa kazi hii wanalilinganisha na Fracas kwanza. Miaka zaidi ya 70 hiyo.

Katikati ya hayo mawili kuna lile mlilosema ni la Balmain. Vent Vert, upepo wa kijani, 1947. Mwaka huo Ufaransa mkate bado unagawiwa kwa kadi, vita vimekwisha lakini dhiki haijaisha. Cellier akaleta harufu ya majani. Sio majani ya kupamba maua, majani yenyewe, shina lililokatwa, nyasi zimekanyagwa na maji bado yanatoka. Kiungo chake kikubwa ni galbanamu, ambayo ni utomvu wa mmea unaoota sana Iran, na inaelezwa alitia asilimia 8. Hapa wenye duka kama mimi tunashika kichwa. Galbanamu ni kali, ni chungu, inanukia kama umekata pilipili hoho mbichi ukaifunga ndani ya sanduku. Na msione ni kitu kigeni, jirani yangu wa duka la vitambaa ni Mkristo, siku moja nilimnusisha nikamweleza akaenda akaja na Biblia yake ya Kiswahili, kitabu cha Kutoka sura ya 30, pale Musa anapoamriwa uvumba, imo, inaitwa kelbena, imewekwa pamoja na ubani. Tukasimama mlangoni wawili sisi tunanusa kijikaratasi na kusoma. Kwa hiyo kiungo kilichokuwa kinachomwa hekaluni maelfu ya miaka, mwanamke mmoja wa Paris akakitoa kwenye moshi akakitia kwenye chupa ya kijani kikawa asubuhi ya bustani baada ya mvua. Marashi yote mnayoyaita ya kijani, yale ya miaka ya sabini waliyopenda mama zetu wakienda ofisini, njia ilifunguliwa hapo.

Kuna mengine, Cœur Joie ya Nina Ricci mwaka 1946, Jolie Madame ya Balmain mwaka 1953 ambayo ni ngozi tena lakini safari hii imevalishwa maua ya urujuani, na Monsieur Balmain ya mwaka 1964, ya wanaume, ndimu tupu, maana aliweza na wepesi pia. Sitayaeleza yote, barua itakuwa kitabu.

Lakini kuna jambo moja la ufundi lazima niliseme kwa sababu linaeleza kwa nini jina lake lilikuwa rahisi kupotea. Cellier alipenda kutumia besi. Besi ni mchanganyiko ulio tayari, yaani badala ya kutia vitu ishirini kimoja kimoja unatia kimoja ambacho ndani yake kimeshachanganywa ishirini, na kampuni iliyokitengeneza haikwambii ndani mna nini. Kwa hiyo fomula yake ukiisoma ni fupi, mistari michache, inaonekana rahisi, lakini kila mstari una mlango nyuma yake na nyuma ya mlango kuna chumba. Sasa kampuni za besi zikafungwa au zikanunuliwa, besi zikaacha kutengenezwa, na viungo vingine vikawekewa masharti, kama ile kuvumwani inayoota kwenye magome ya miti ya mwaloni, ambayo Ulaya wameibana sana kwa sababu ya mzio wa ngozi na ambayo Bandit imesimama juu yake. Matokeo yake marashi yake yamebidi yatungwe upya mara kadhaa. Vent Vert ilitungwa upya na Calice Becker mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanamke mwingine, hodari sana. Lakini kila ikitungwa upya ile ya Cellier inakwenda mbali kidogo, na yeye alishafariki tangu mwaka 1976, hayupo wa kusema hapana, hapo mmetia sukari.

Kule Versailles wana nyumba inaitwa Osmothèque, ilifunguliwa mwaka 1990, ni kama maktaba ila badala ya vitabu ni marashi. Wanayahifadhi kwenye baridi ya nyuzi 12, gizani, na juu ya kila chupa wanatia gesi ya agoni ili hewa isiyaguse, na mengine yaliyopotea wanayatengeneza upya kwa fomula ya asili. Nikipata uwezo wa kwenda Ufaransa siku moja sitapanda mnara wao, nitakwenda hapo.

Na mtu asiseme haya ni mambo ya kale. Mwaka 2006, tarehe 13 Juni, mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kesi ya mwanamke mmoja mchanganyaji aliyekuwa akiidai kampuni aliyoifanyia kazi, anasema na yeye ana haki ya mtunzi kwenye marashi aliyoyatunga. Mahakama ikasema hapana, harufu ya marashi ni matokeo ya ujuzi wa kazi tu, si kazi ya akili inayolindwa kama kitabu au wimbo. Yaani Germaine Cellier na seremala wa kutengeneza viti sawa, na seremala mwenyewe sidhani kama angekubali kuambiwa hatumii akili. Siku tatu baadaye, tarehe 16 Juni, mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kinyume, kwamba marashi yanaweza kulindwa kama utunzi. Nilifurahi nilipoanza kuisoma ile kesi ya Uholanzi, halafu nikaona aliyeshinda ni kampuni, Lancôme, kwa ajili ya marashi yao ya Trésor. Trésor ilitungwa na Sophia Grojsman, mwanamke tena. Haki ikapatikana lakini haikwenda kwake.

Sasa Mhariri mniwie radhi niseme la kwangu kidogo, kwa sababu ndo limenifanya nishike kalamu.

Bibi yangu alikuwa anapika udi. Sio udi wa kununua, anapika, sukari kwenye sufuria mpaka iwe rangi ya asali, anatia vumbi la udi na sandali, marashi ya waridi, miski, na kitu kimoja alichokuwa anakitia mwisho mgongo ukiwa umetugeukia. Anamimina kwenye sinia, ikipoa anavunja vipande. Maharusi wa mtaani karibu wote walifukizwa kwa udi wake. Alipozeeka nikachukua mimi, na miaka kumi na moja iliyopita mfanyabiashara mmoja, sitamtaja na wala hapajui tena hapa, alikuja akanunua kilo mbili, akarudi akanunua tano, akaniomba nimwandikie vipimo ili "awaelekeze wateja wake namna ya kuutunza." Nikamwandikia kwa mkono wangu. Baada ya miezi sita nikauona kwenye vikopo vya rangi ya dhahabu, jina lake juu, picha ya mke wake, na maelezo kwamba ni siri ya familia yao. Nilinunua kikopo kimoja. Nilikichoma kwenye chetezo nyumbani nikiwa peke yangu, na moshi ulipopanda alikuwa ni bibi, ameingia chumbani, yuleyule, kasoro kile kitu cha mwisho ambacho sikumwandikia. Nilikwenda kwa mtu wa sheria akaniuliza una karatasi gani, nikasema sina, na karatasi iliyokuwepo ya vipimo nilimpa yule mfanyabiashara. Kikopo bado ninacho.

Kwa hiyo nilipomsoma Cellier kwa mara ya kwanza, yule mama wa Ufaransa alinipa kijitabu akanitafsiria jioni mbili dukani, sikumsoma kama mtu wa mbali. Nilimwelewa. Mtu anayejua nini kitatokea kwenye ngozi baada ya saa tatu, na ambaye jina lake liko kwenye kabati la mtu.

Na mambo yanaweza kuwa mengine, sio ndoto. Mwaka 2000 Frédéric Malle alianzisha kampuni yake Paris akaamua jina la mtungaji liandikwe kwenye chupa, kama jina la mwandishi kwenye jalada, na haikumletea hasara, imekuwa sifa yake. Patricia de Nicolaï, ambaye ni wa ukoo wa Guerlain, nyumba kubwa ya marashi ya Ufaransa, lakini kule kwao kazi ilikuwa inapitia kwa wanaume, alifungua duka lake mwenyewe Paris mwaka 1989 kwa jina lake, mwaka mmoja baada ya kuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya watungaji vijana ya chama cha watungaji marashi cha Ufaransa. Cartier tangu 2005 wana Mathilde Laurent na wanamtaja, anahojiwa, anazungumza mwenyewe kuhusu kazi yake. Cellier hakuupata wakati huo. Ila sisi tunaoandika na kusoma leo hatuna sababu ya kuendelea kumnyima, habari zake zipo, zimeandikwa, ni kutafuta dakika kumi.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza mchapishe sahihisho, mistari miwili tu, kwamba Bandit, Vent Vert na Fracas ni kazi za Germaine Cellier wa Bordeaux. Pili, kuanzia sasa mkitaja marashi yoyote kwenye ukurasa ule, baada ya jina la kampuni muweke na jina la aliyechanganya, kama mnavyoweka jina la mpiga picha chini ya picha. Na mkija kuandika kuhusu marashi ya huku kwetu, na natumaini mtaandika, manake hapa pwani na Unguja na Lamu kuna wanawake wanaochanganya udi na vikuba na mafuta kwa ustadi ambao haujaandikwa popote, msiende kwa mwenye duka kubwa mkamuuliza. Ingieni jikoni kwake mkamuulize nani anapika, na mkipata jina liandikeni kamili, na la baba yake.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Wiki hii nimechapisha lebo mpya, vikaratasi vidogo vya rangi ya maziwa, na juu kabisa, kabla ya jina la duka, nimeweka jina la bibi. Msichana wangu anayenisaidia kuchanganya mafuta ya asumini, yale anayoyatunga mwenyewe bila mimi, nimemwambia aandike lake. Aliandika kwa herufi ndogo sana pembeni. Nimemrudishia nimemwambia aandike tena, katikati.

Wenu,
Msomaji na muuza marashi,
Mombasa